Majibu Niliyoyafuta Bandani

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na tisa. Kulwa alipolisikia hilo neno alicheka mpaka akashika mlango. "Staafu gani hiyo, Mama Editha? Una mvi? Una mgongo?" Nikamwambia mgongo ninao, amuulize mtoto. Neno silibadilishi. Mtu akifanya kazi moja kila siku, akaijua, akaipenda, kisha akaondoka akijua harudi, huyo amestaafu. Kuhesabu miaka ni mambo ya serikali.

Nawaandikia ninyi mliokaa kwenye lile benchi baada yangu. Mambo ya vyeo na malipo sitayagusa, hayana utamu. Nitaandika majibu. Kazi yetu ilikuwa kushughulika na majibu ya kivivu, na mimi niliifanya vizuri sana isipokuwa siku moja. Siku hiyo moja nilimfukuza mtu ambaye Bandani haijapata mwingine wa kukaa mahali pake. Nilitaka arudi. Hata leo nikiwa nakoroga uji nataka arudi.

Kwa aliyeingia jana: Bandani ni ukurasa wa mtandaoni wa wafuga kuku. Mtu anauliza, wenzake wanajibu, jibu zuri tunalipandisha juu na kuliwekea alama ya kijani, jibu bovu tunaliondoa. Wanauliza kutoka Geita, Sengerema, Bunda, Shinyanga, na wengine hata hatujui walipo. Mwenye ukurasa tulimwita Bosi tu. Alikuwa na duka la vyakula vya mifugo Nyakato, hapa Mwanza, na sisi tulikaa chumba cha nyuma, benchi moja, kila mtu na simu yake. Mashine ya kuchanganyia chakula ilikuwa upande wa pili wa ukuta. Ukikaa saa mbili kioo cha simu kinashika vumbi la dagaa, na ukifika nyumbani paka wa jirani wanakufuata.

Siku ya kwanza nilitoka nyumbani Kiseke na Editha mgongoni, ana miezi minne. Bosi akamwangalia mtoto kama vile nimeleta mbuzi. Kulwa ndiye aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa Bandani, na dukani ndiye aliyepima chakula. Akasema bila kuinua macho, "Huyo mtoto hatajibu hovyo. Mwache akae." Kisha akanigeukia mimi.

"Unasoma?"

"Nimemaliza kidato cha nne, dada."

"Sijakuuliza umemaliza nini. Nimeuliza unasoma? Kitu unakisoma mpaka mwisho?"

Akanipa simu. Mama mmoja wa Sengerema aliuliza kwa nini kuku wake wanataga mayai yenye ganda laini kama karatasi. Chini yake kulikuwa na majibu matano. Pole sana. Hata mimi. Njoo inboksi. Kalsiamu. Kuku wa siku hizi hao. Nikafuta manne, nikaacha Kalsiamu, nikajiona hodari.

"Kalsiamu ndiyo nini?" Kulwa akauliza. "Huyo mama ataila na kijiko?"

"Si atajua mwenyewe, dada."

"Angejua angeuliza?"

Akanionyesha. Unamrudia aliyejibu, unamuuliza mambo matatu: afanye nini hasa, kwa nini, na wewe uliona wapi. Tukamwandikia mtu wa Kalsiamu. Mchana akarudi na jibu refu, zuri, limejaa. Alikuwa anaokota makombe ya konokono ufukweni, anayachoma, anayatwanga, anachanganya kiganja kimoja kwa debe la chakula, na mayai ya kuku wake siku hizi yakianguka kwenye maranda hayapasuki. Yote hayo yalikuwa kichwani mwake tangu asubuhi. Ni vidole tu vilikuwa vimelala. Kulwa akayaita hayo mambo matatu mistari mitatu, na ndivyo mnavyoyaita mpaka leo bila kujua yalianzia kwenye ganda la yai.

La pili alilonifundisha ni kupepeta. Jibu ulilolifuta halipotei pale pale. Linakwenda kwenye ukurasa wa ndani, linakaa siku tatu, ndipo linafutika kabisa. Ule ukurasa Kulwa aliuita ungo. Kila jioni kabla ya kufunga duka alikaa kwenye gunia, akasoma yote tuliyoyatupa siku hiyo, moja moja, kwa sauti. Tukacheka sana. Lakini kila jioni alikuta mawili matatu ambayo hayakustahili kutupwa, akayarudisha, na akatuuliza ni nani aliyetupa. Alikuwa hapigi kelele. Anakutazama tu, halafu anaendelea kusoma.

Baada ya mwezi niliwajua watu wote wa majibu mabovu, kama mwalimu anavyowajua wanaokaa nyuma. Wa pole na amina nilikuwa nawafuta bila chuki. Kuna siku mtu anataka pole, ila pole haitibu ugonjwa wa kideri. Wa "hata mimi" nilikuwa nawaambia waulize swali lao waeleze na wao, na mara nyingi ugonjwa wao ulikuwa mwingine kabisa. Wa "njoo inboksi" hao ndio walionichemsha damu. Hao ni wavuvi. Wanatega pale ambapo mama wa watu amechanganyikiwa, kuku hamsini wamelala chali, wanamvuta pembeni wamuuzie dawa ya maji ya rangi. Hao nilifuta jibu, nikafunga na akaunti, na siku nyingine niliwaandikia maneno ambayo Kulwa aliyafuta.

Na kulikuwa na bwana mmoja wa mwarobaini. Kila swali, mwarobaini. Kuhara damu, mwarobaini. Kuku kudonoana, mwarobaini. Mtu akauliza namna ya kufunga mayai yasafiri salama, akajibu mwarobaini. Siku hiyo nikamfuata.

"Ndugu, wewe kuku wako unawapa mwarobaini?"

"Sina kuku, dada."

"Sasa unajibu nini huku?"

"Napenda maswali yenu."

Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye kitufe cha kumtoa. Sikubonyeza. Nikamwambia kama unapenda maswali, basi tusaidie kuuliza. Kukiwa na swali la "kuku wanaumwa nisaidieni", wewe ndiye umuulize mtu wana umri gani, wamekula nini, kinyesi kina rangi gani. Akawa mtu wa maana kuliko madaktari wengine mle. Nimemkumbuka sana huyo bwana. Sijui hata sura yake.

Sasa huyo niliyemfukuza. Aliitwa Bibi Nyangeta, wa vijiji vya ziwani upande wa Majita. Tulichokijua juu yake ni picha ya bata na majibu yake. Bibi hakuandika mistari mitatu hata siku moja. Aliandika maneno mawili, akizidisha matatu. "Punguza pumba." "Jogoo mzee huyo." "Maji yahamie kivulini." Sisi wa benchini tulikuwa tunayafuta kila mara, na kila jioni Kulwa anayatoa kwenye ungo, anayarudisha, na anaandika chini yake kwa nini bibi yuko sahihi. Siku moja nikamuuliza kwa nini asimwambie tu huyo bibi afuate sheria kama wengine. Kulwa akasema, "Mwarobaini ni neno moja, na la huyu ni maneno mawili. Umeona tofauti?" Nikasema nimeona. Sikuwa nimeona.

Halafu Bosi akaleta beji. Ukijibu maswali mengi unapata beji ya shaba, mengi zaidi ya fedha, mengi kabisa ya dhahabu, na jina lako linang'aa. Nilimwambia Bosi siku ile ile kwamba amewatupia kuku mahindi katikati ya barabara. Hakunisikia. Ndani ya wiki mbili tulikuwa tunazama. Kila mtu anajibu kila kitu. Hapo ndipo nilipotunga ujumbe wa kutuma kwa kila aliyefutwa, ili nisiwe naandika upya: "Habari ndugu. Jibu lako limeondolewa kwa sababu halikuonyesha juhudi yoyote. Tafadhali jitahidi uandike linaloeleweka." Niliupenda ule ujumbe. Ulikuwa na adabu na kisu kwa pamoja. Unabonyeza mara moja, jibu linaondoka na ujumbe unakwenda.

Siku yenyewe Kulwa hakuwepo. Alikwenda Magu kwenye msiba. Editha alikuwa anaota meno, analia tangu asubuhi, nampigapiga mgongoni kwa mkono huu na nafuta kwa ule. Sisemi ili mnionee huruma. Nasema ndivyo ilivyokuwa.

Liliingia swali kutoka kwa mama mmoja wa hapo hapo Nyakato, tumwite Mama Shija. Alikuwa amepanga chumba kimoja, analala na mtoto wake, na kona moja ameizungushia maboksi akaweka vifaranga wake wa kwanza. Umeme ulikuwa unakatika, kwa hiyo akawa anawapa joto kwa jiko la mkaa. Aliandika kwamba vifaranga wanasinzia, wanapanua midomo kama wanatafuta hewa, wengine wameshakufa. Ameweka dawa kwenye maji, haisaidii. Mwishoni akaongeza kitu kama vile hakina maana: asubuhi akifungua mlango wanachangamka kidogo.

Majibu yalimiminika. La kwanza lilikuwa la Bibi Nyangeta. "Toa jiko nje." Nikaona maneno matatu, sikuona kingine. Nikabonyeza. Likaondoka, na ujumbe wangu ukaenda. Nikafuta mengine kumi hivi. Kisha likaja jibu la bwana mmoja mwenye beji ya fedha, refu, limepangwa vizuri, lina afanye nini na kwa nini, hata aliandika kwamba ndivyo wafugaji wenye uzoefu wanavyofanya. Alisema vifaranga wanaosinzia na kujikunyata wamepungukiwa joto. Aongeze mkaa, azibe madirisha na chini ya mlango, upepo usiingie. Lilinifurahisha sana lile jibu. Nililipandisha juu, nikaliwekea alama ya kijani kwa mkono wangu.

Jioni sikupepeta. Hakuna aliyepepeta. Nilisema mwenyewe moyoni, majibu ya leo nimeyaona yote, kuna haja gani. Nikambeba mtoto nikaenda Kiseke.

Kesho yake asubuhi, sijakaa vizuri kwenye benchi, nikakuta Mama Shija ameandika chini ya lile jibu la kijani. "Nilifanya mlivyosema. Vifaranga wote wamekwisha. Mimi na mwanangu majirani wametuvuta nje alfajiri, miguu haisimami. Mtoto ameamka. Nilitaka tu mjue."

Nilitaka tu mjue. Hakutukana hata kidogo. Angetukana ningeshukuru.

Nikaufungua ungo. Sikujua natafuta nini, mikono ilijua. "Toa jiko nje." Lilikuwa la kwanza kabisa kuingia. Moshi huuoni, harufu huisikii, lakini hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua kifaranga kwanza kwa sababu ni mdogo, kisha inamfuata mwenye chumba. Bibi alikuwa ameusoma ule mstari wa mwisho, wa mlango. Yule aliyesoma swali mpaka mwisho alikuwa yeye, na mimi niliyemwandikia ajitahidi sikuwa nimesoma.

Yule bwana wa beji nilimpigia. Siku hiyo sikuwa mama wa mtu.

"Hili jibu umelitoa wapi?"

"Dada, si umeliweka kijani mwenyewe?"

"Nimekuuliza umelitoa wapi."

"Niliiuliza simu ikaniandikia. Nilikuwa nimebakiza manne nifike dhahabu."

Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika hapa kwa sababu Editha atajifunza kusoma siku moja. Lakini nilipokata simu hasira haikuisha, ilitafuta tu mtu mwingine, na kwenye kile chumba nilikuwa peke yangu.

Kulwa aliporudi kutoka Magu nilimweleza kabla hajavua kitenge cha msiba. Alichukua mfuko wa uji na sukari, tukaenda kwa Mama Shija. Tulimkuta amekaa nje, mtoto anacheza na yale maboksi. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyeweka ile alama." Akaniangalia, akamwangalia Editha mgongoni kwangu.

"Huyo ana umri gani?"

"Mwaka na miezi miwili."

"Wangu mwaka na nusu." Akamvuta mtoto karibu. "Siku nyingine mtu akisema jiko litoke nje, msikilizeni."

"Alisema."

"Nani?"

"Bibi mmoja wa Majita. Alisema kabla ya wote. Nikamfuta."

Mama Shija akasimama, akaingia ndani, na hakutoka tena. Tuliacha mfuko mlangoni.

Niliandika Bandani, hadharani, kwa jina langu, kilichotokea na nani alikifanya. Watu walinisema, sawa. Nilimwandikia bibi pia, mara nyingi. Hakujibu. Picha ya bata ikanyamaza. Wiki, mwezi, miezi. Mtu akiuliza habari za bata, au kuku wa kienyeji wanaozurura ufukweni na kula mabaki ya samaki, majibu yanakuja marefu na matupu, na chini yake lazima mmoja aandike, "Bibi Nyangeta yuko wapi?" Kila nikiliona hilo swali lilikuwa linaniuliza mimi.

Kazi niliendelea nayo, na niwaambie ukweli, hapo ndipo nilipoijua. Niliacha kuhesabu maneno. Nilisoma swali mara mbili kabla ya kugusa jibu lolote. Jibu fupi nililiuliza, jibu refu nililishuku. Ukitaka kujua kama mwenye jibu refu anajua anachosema, muulize kitu kidogo cha banda lake mwenyewe: vyombo vya maji umeviweka upande gani, paa lako la nini. Mwenye kuku anajibu papo hapo, na mara nyingi anaanza kulalamika kuhusu paa. Asiye na kuku anakuletea aya nyingine tatu. Hilo lichukueni, ni langu, nimelipata kwa gharama ya vifaranga wa mwenzangu.

Siku moja Kulwa akaja na habari. Mteja mmoja wa duka anatoka kijiji kile kile. Bibi Nyangeta ameletwa Mwanza kwa sababu ya macho, amefikia kwa binti yake Butimba. Mchana ule ule tulikwenda. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, mwembamba, mweusi, kitambaa kimefungwa jicho moja, anachambua mchele kwa vidole bila kuuangalia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi ni yule wa Bandani. Niliyekufuta."

Akacheka kidogo. "Kumbe una sauti ndogo. Nilidhani mtu mkubwa."

Nikapiga magoti kabisa, na mimi si mtu wa magoti. Nikamwomba radhi kwa kumfuta. Akatikisa mkono kama anafukuza nzi.

"Kufutwa siyo kitu. Walikuwa wananifuta kila siku, halafu jioni narudi. Nilikuwa najua kuna mtu ananirudisha."

Kulwa akageuza uso upande.

"Ni ile barua," bibi akasema. "Sikiliza, mjukuu. Kwetu chini inashika simu ya kuongea tu, mtandao haushuki. Uko juu ya jiwe, lile kubwa nyuma ya kanisa. Nikitaka kuwajibu napanda. Nina goti hili. Nikifika juu nakaa, napumua, natafuta herufi. Jicho moja halioni, la pili linaona nusu. Herufi moja, ya pili, jua linapiga. Siku ile ya jiko nilipanda mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza halikwenda. Nikashuka. Kesho binti wa jirani akanisomea ulivyoandika. Sikuonyesha juhudi yoyote."

Hakusema kwa ukali. Aliyarudia maneno yangu matatu kama mtu anayesoma maelezo ya dawa.

Kulwa ndiye aliyesema. "Bibi, rudi. Watu wanakuuliza."

"Nimesamehe. Andikeni hivyo, nimesamehe. Lakini juu ya jiwe sipandi tena."

Nikamwambia asipande, anipigie mimi, niandike. Akasema atafikiri. Akaagiza namba yangu mwenyewe iandikwe kwenye simu yake na ile ya binti yake, akaniombea, akambusu Editha kichwani. Hakupiga.

Ule ujumbe niliufuta siku hiyo hiyo. Nikaweka mwingine: "Tumeshindwa kulielewa jibu lako. Tunaomba utupigie au utuambie tukupigie." Bosi alilalamika kwamba simu zitakuwa nyingi. Zilikuwa nyingi. Tulikuwa tunapiga, tunaandika kwa niaba ya watu, na mle mlikuwa na wavuvi wa samaki, wazee, akina mama wasioandika haraka, watu wanaojua kuku kama ninavyomjua mwanangu. Ile miaka miwili baada ya hapo ndiyo ninayoiota mchana. Benchi, vumbi la dagaa, Kulwa juu ya gunia anasoma ungo kwa sauti, Editha amelala kwenye mifuko mitupu, na simu inalia, mtu wa Bunda anapiga kelele kana kwamba Mwanza haina mtandao: "Mwambie huyo mtu asiwachanje kuku wagonjwa! Mwambie mimi nimesema!"

Kisha likaja lililonitoa. Watu wanasema niliacha kwa sababu ya mimba ya pili. Mimba ilikuwepo, ndiyo, lakini mimba haikuandika barua ya kuacha kazi. Bosi aliweka kichujio cha mashine. Jibu likiwa chini ya maneno kumi na tano halipiti, halifiki hata kwenye ungo. Na ungo ukaondolewa.

"Bosi, umesahau ile ya Nyakato?"

"Ndiyo maana nimeweka. Mtu asikosee tena."

"Aliyekosea alipenda jibu refu!"

"Mama Editha, dunia inakwenda mbele."

"Basi nenda nayo. Mimi nashukia hapa."

Nilirudisha simu ya kazi. Kulwa alinisindikiza mpaka barabarani, amemshika Editha mkono, akasema yeye anabaki kwa sababu mtu mmoja lazima abaki. Ninyi mnamjua. Kama amekaa kimya siku hizi, msidhani amezeeka. Muombeni awasomee mlichokitupa. Kama mashine haiwaonyeshi, mlazimisheni Bosi iwaonyeshe. Ni ninyi wanne na yeye ni mmoja.

Sasa nipo Kiseke. Wa pili amezaliwa, wa kiume, mzito. Kuku ninao tisa. Sitawaambia kwamba nimepumzika. Mchana watoto wakilala mkono wangu unakwenda kwenye simu wenyewe, nafungua Bandani kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyowahi kupanga. Naangalia nani kauliza nini. Naona majibu marefu, masafi, matupu. Mtu wa mwarobaini simuoni tena. Nafunga, naanika nepi, nafungua tena. Wengine wanatamani walikozaliwa. Mimi natamani swali la mtu wa Sengerema kuhusu ganda la yai.

Wiki iliyopita, nikiwa naanika hizo nepi, simu ikaita. Namba sikuijua. Nikapokea na kibanio cha nguo mdomoni.

"Mjukuu. Hujambo? Mtoto hajambo?"

Nikakitema kibanio. "Shikamoo bibi. Hawajambo, sasa ni wawili."

"Mungu mkubwa. Mimi macho yamekwisha kabisa, yote mawili. Nakaa tu. Kuku nawasikia, siwaoni." Akakohoa. "Leo wameuliza nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia mimi nimeacha kazi, sipo tena benchini, kuna mashine, na maneno yake yakiwa machache hayatapita, mimi sina tena mamlaka ya kumrudisha. Niliongea kwa hasira, najua, kwa sababu nilikuwa nalia. Aliniacha nimalize. Upande wa pili nilisikia ndege, na upepo, na kuku mmoja anayetaka kutaga.

"Sijakuuliza kama watanipitisha," akasema. "Nimekuuliza wameuliza nini. Haya, fungua uangalie. Nasubiri."